Nyumba salama: nani hupokelewa, na kwa nini mahali pake hapatajwi

Wakazi huuliza mara kwa mara nyumba salama iko wapi. Hatusemi, na hata mwenye nia njema haelekezwi. Nyumba hiyo ni makao ya muda kwa mtu anayekimbia ukatili wa nyumbani au wa kingono, pamoja na watoto wake. Aliyefungiwa nyumba kwa kukosa kodi husaidiwa kwingine, kupitia afisa wa huduma za jamii.

Kwa kawaida mtu hupokelewa kwa rufaa: kutoka dawati la jinsia la polisi, hospitali, chifu au afisa wa watoto. Unaweza pia kupiga 1195 bila malipo, usiku au mchana. Kwa mtoto, piga 116. Sheria ya Kulinda Watu Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015 inamtaka polisi akueleze kuhusu makao na matibabu, na akusaidie kuyapata. Una haki ya kuandikisha taarifa kwa afisa wa jinsia yako. Ukiambiwa “nendeni mkayamalize nyumbani”, jua kwamba sheria haisemi hivyo.

Aliyebakwa aende hospitali kwanza, kabla ya kuoga. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zinafaa kuanzwa ndani ya saa 72. Nguo alizovaa zisifuliwe. Zifungwe kwenye karatasi, si plastiki.

Ndani, masharti huwa makali. Mizigo hupekuliwa, wageni hawaruhusiwi, na anayeishi humo hamtaji mwenzake nje. Linalolalamikiwa zaidi ni la simu, ambayo huzimwa au huwekwa na msimamizi. Linaonekana kama adhabu, lakini lina sababu. Mara nyingi aliyekununulia simu ndiye aliyekufungulia akaunti yake, na kupitia akaunti hiyo anaweza kuona simu ilipo. Akifika langoni, walio hatarini si wewe peke yako. Ni kila mama na mtoto aliyelala humo.

Sharti gumu zaidi, kwa maoni yetu, ni la vijana wa kiume. Baadhi ya nyumba hazipokei mvulana aliyebalehe hata akiwa na mamake. Uliza mapema, ili afisa wa watoto amtafutie jamaa wa kumkaa naye. Wanaume wanaodhulumiwa wanalindwa na sheria hiyo hiyo, ingawa makao yao ni machache mno.

Muda wa kukaa ni mfupi, kwa hivyo ombi la amri ya ulinzi lipelekwe mahakamani mapema. Amri hiyo inaweza kumwondoa mdhulumu katika nyumba mnayoishi, ili wewe na watoto mrudi.

Ukiweza, beba kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki na dawa unazotumia. Ukikosa nafasi, ondoka bila hivyo. Usirudi kuvichukua peke yako. Mahakama inaweza kuamuru uingie ukisindikizwa na afisa.