Kuumia kwa Uzembe wa Mtumishi wa Umma: Kinga ya Serikali Inaishia Wapi?

Mwananchi aliyeumia kwa uzembe wa mtumishi wa umma anaweza kudai fidia, kama ambavyo angemdai jirani au mfanyabiashara aliyemsababishia madhara. Hata hivyo, anapoipeleka Serikali au Halmashauri mahakamani, sheria inamtaka apitie hatua ambazo hazipo katika madai ya kawaida. Anayeruka hatua moja huweza kuona shauri lake likiondolewa kabla ya mahakama kusikiliza lolote kuhusu jeraha lake. Ni vema kila mkazi wa kata azifahamu hatua hizo mapema.

Asili ya kinga

Kinga ya Serikali iliingia nchini pamoja na sheria za Uingereza, ambako kwa karne nyingi iliaminika kwamba mfalme hawezi kutenda kosa, na kwa hiyo hashitakiwi katika mahakama zake mwenyewe. Uingereza ililegeza msimamo huo kwa sheria ya mwaka 1947. Tanzania ilitunga Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali mwaka 1967, ambayo leo ni Sura ya 5 ya Sheria za nchi. Sheria hiyo inakubali kwamba Serikali huwajibika kwa madhara yanayosababishwa na watumishi wake wakiwa kazini.

Pamoja na hayo, kwa miaka mingi mwananchi hakuweza kufungua shauri bila kupata kwanza kibali cha Serikali ileile aliyokusudia kuishitaki. Mwaka 1993, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun, Mahakama ya Rufani ilitamka kuwa sharti hilo linakiuka Katiba, kwa kuwa linamnyima mtu haki ya kusikilizwa. Mwaka 1994 kibali kiliondolewa, na mahali pake pakawekwa notisi ya siku 90. Marekebisho ya mwaka 2020 yaliziingiza serikali za mitaa katika utaratibu huo. Awali, notisi kwa Halmashauri ilikuwa ya mwezi mmoja tu.

Hatua za kufuata

Tuchukue mfano wa mtaro unaochimbwa kando ya soko. Vibarua wa Halmashauri wanaondoka jioni bila kuweka uzio wala taa. Usiku, mama lishe anayerudi nyumbani anatumbukia na kuvunjika mguu.

Hatua ya kwanza ni kumtambua anayewajibika. Masoko, zahanati na shule za msingi za umma kwa kawaida ziko chini ya Halmashauri. Barabara za wilaya, tangu mwaka 2017, ziko chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), na barabara kuu na za mikoa ziko chini ya Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS). Iwapo kazi ilikabidhiwa mkandarasi, huenda yeye ndiye anayepaswa kudaiwa. Kuikosea taasisi husika ni kupoteza miezi.

Hatua ya pili ni notisi ya kusudio la kushitaki. Mama lishe huyu ataiandikia Halmashauri kupitia Mkurugenzi Mtendaji, na nakala atazipeleka kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na kwa Wakili Mkuu wa Serikali. Notisi itaje jina na makazi ya mdai, tarehe na mahali pa tukio, kosa linalolalamikiwa na fidia inayoombwa. Ahakikishe nakala yake inagongwa muhuri wa kupokelewa, kwa sababu mahakama itataka uthibitisho huo. Malalamiko ya mdomo kwa Mtendaji wa Kata au kwa Diwani hayahesabiwi kuwa notisi.

Siku 90 hizo zimewekwa ili taasisi ichunguze tukio na, ikiona imekosea, ipatane na mdai bila kwenda mahakamani. Mdai naye anaweza kuutumia muda huo kukusanya risiti za matibabu na kuandaa mashahidi wake.

Hatua ya tatu ni kufungua shauri baada ya siku hizo kwisha. Shauri hufunguliwa Mahakama Kuu, hata kama fidia inayodaiwa ni ndogo, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe kama mdaiwa pamoja na Halmashauri. Asipounganishwa, mwenendo mzima wa shauri unabatilika.

Muda hausubiri

Sheria ya Ukomo wa Muda inatoa miaka 3 kwa madai ya madhara ya kawaida. Lakini madai ya fidia kwa jambo linaloelezwa kuwa lilifanyika, au liliachwa kufanyika, katika kutekeleza sheria iliyoandikwa yana mwaka 1 tu. Kwa kuwa kazi nyingi za Halmashauri hufanyika chini ya sheria, ni busara kwa mdai kuhesabu mwaka 1 na kuipeleka notisi ndani ya wiki za mwanzo.

Ushahidi nao hupotea haraka. Mtaro wa leo kesho hufukiwa. Picha za eneo, majina ya walioshuhudia, fomu ya polisi (PF3) na taarifa ya daktari vikusanywe mara moja. Kuumia peke yake hakutoshi. Mdai anapaswa kuonesha kwamba palikuwa na wajibu wa kuchukua tahadhari, kwamba wajibu huo haukutimizwa, na kwamba jeraha lilitokana na kasoro hiyo.

Kinga iliyobaki

Yapo mambo ambayo bado yanalindwa. Serikali haidaiwi kwa uamuzi wa hakimu au jaji katika kazi ya kutoa haki, na dawa ya asiyeridhika na uamuzi huo ni rufaa. Sheria nyingi za huduma za umma pia humkinga mtumishi asidaiwe yeye binafsi kwa jambo alilolitenda kwa nia njema katika kazi yake.

Vilevile, mdai akishinda hawezi kukamata gari au jengo la Serikali ili lipigwe mnada. Mahakama hutoa hati inayoonesha kiasi kinachostahili kulipwa, na malipo hufanywa kupitia taratibu za fedha za umma. Makusudio ni kuhakikisha kwamba deni la mmoja haliwanyimi wengine gari la wagonjwa, ingawa kwa mshindi linaweza kumaanisha kusubiri. Mtumishi aliyeumia akiwa kazini ana njia nyingine, nayo ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF).

Pa kupata msaada

Mwanasheria wa Halmashauri huitetea Halmashauri, hivyo hawezi kuwa mshauri wa anayeidai. Asiyemudu wakili anaweza kutumia huduma zinazotolewa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ofisi ya Maendeleo ya Jamii itamwelekeza kwa wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa. Afike na karatasi zake zote, na afike mapema.