Kiharusi hakiishi siku ya kutoka wodini

Mdomo umekwenda upande, mkono hauinuki, maneno hayatoki sawasawa. Yakimpata mtu haya usiku kule Mtongwe au Shika Adabu, upande wa Likoni mjini Mombasa, jamaa zake huulizana mambo mawili: nani ana gari, na feri iko ng'ambo gani. Hospitali kuu ya rufaa, Coast General, iko kisiwani. Wa Kisauni wana daraja la Nyali, wa Changamwe wana Makupa, na kote huko msongamano wa magari ni jambo la kila siku.

Dakika hizo ni ghali mno. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye mshipa wa ubongo hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Kabla yake lazima kichwa kipigwe picha ya CT, maana aliyepasuka mshipa akipewa dawa hiyo, damu huzidi kumwagika.

Saa nyingine hupotelea nyumbani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwalinganisha wakazi wa Dar es Salaam na wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Hai walitaja presha, vyakula vya mafuta na mawazo, wakakimbilia hospitali. Dar es Salaam wengi walitaja majini na uchawi, basi mgonjwa akaanzia kwa mganga. Mombasa ni pwani hiyohiyo.

Lakini hata aliyewahi kufika, akatibiwa, akaruhusiwa kwenda nyumbani, ugonjwa anarudi nao. Huko Hai, ambako wagonjwa wapya walisajiliwa kati ya 2003 na 2006 na kufuatiliwa, zaidi ya nusu walikuwa wamefariki ilipotimia miaka mitatu. Takwimu hiyo inastahili kusomwa mara mbili na kila anayepanga bajeti ya afya.

Nyumbani muuguzi ni mke, binti au mjukuu. Anamwinua mgonjwa kwa kumvuta mkono uliopooza, hajui kwamba misuli iliyoshikilia bega imelegea na kiungo kinaweza kuchomoka mahali pake. Maumivu yake hudumu miezi. Anamnywesha uji akiwa amelala, kijiko baada ya kijiko, uji unapotea njia na kuingia kwenye mapafu, na baada ya siku chache ni nimonia. Anamwacha alalie ubavu mmoja usiku kucha, kidonda kinaanza kwenye nyonga. Yote hayo anayafanya kwa mapenzi makubwa.

Je, akifundishwa? Swali hilo liliulizwa India, katika hospitali 14, kwa wagonjwa 1,250. Katika kundi moja jamaa walifunzwa mazoezi ya kumfanyisha mgonjwa nyumbani; kundi la pili lilipata huduma ya kawaida. Matokeo yalitoka mwaka 2017: baada ya miezi sita, waliofariki au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 47 katika makundi yote mawili. Huenda mafunzo ya jamaa yakasaidia kwenye bega na uji, lakini hayawezi kuchukua nafasi ya mtaalamu wa fiziotherapia. Familia ya Likoni haipaswi kubebeshwa kazi ya wodi nzima kisha ilaumiwe mgonjwa asiposimama.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo linawezekana mlangoni kwa mgonjwa. Utafiti wa kimataifa wa mwaka 2001 ulionyesha kwamba dawa za presha hupunguza kiharusi cha mara ya pili kwa asilimia 28. Nchini Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulikuta zaidi ya nusu ya watu wazima hawajawahi kupimwa presha hata mara moja. Tangu Septemba 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao laki moja wamepewa vifaa vya kazi, mashine ya presha ikiwemo. Wanaijua mitaa, wanazijua nyumba. Kinachotakiwa ni hospitali kuwapa orodha ya waliotoka wodini wiki hii, ili mzee wa Bamburi au mama wa Miritini apimwe presha kabla vidonge havijamwishia, na mtaalamu wa viungo wa hospitali ya Port Reitz au ya Likoni ajue ni nyumba gani ya kuanzia.