Njia Kuu na Kipande cha Mwisho: Singida na Wafanyakazi wa Mbali

Kazi ya mbali ni ile ambayo mwajiri na mwajiriwa hawalazimiki kukaa mji mmoja, kwa kuwa kinachosafirishwa si mzigo bali ni taarifa, kama vile programu za kompyuta, hesabu za kampuni au majibu kwa wateja. Utaratibu huu ulienea sana baada ya UVIKO-19 kuzifunga ofisi nyingi duniani mwaka 2020, ingawa baadhi ya miji ilikuwa imekwisha kuutumia kuvutia wakazi wapya. Mji wa Tulsa, katika jimbo la Oklahoma nchini Marekani, ulianza mwaka 2018 kumpa dola 10,000 kila mfanyakazi wa mbali aliyechaguliwa kuhamia huko, fedha ambazo hutolewa na taasisi ya hisani.

Katika Afrika Mashariki, mfano ulio karibu ni Zanzibar, ambako Agosti 2022 Serikali, ikishirikiana na kampuni ya Wasoko, ilizindua mpango wa Silicon Zanzibar wa kuzivutia kampuni za teknolojia, pamoja na kuwarahisishia wataalamu wageni vibali vya kazi. Hata hivyo, Zanzibar ilikuwa na fukwe, uwanja wa ndege wa kimataifa na jina lililokwisha kujulikana, hivyo mji wa bara unaotaka kufuata nyayo zake hauna budi kwanza kupima ulichonacho.

Singida, mkoa ambao sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 2, una jambo moja kubwa la kujivunia, nalo ni kuwa njia panda. Mji wake mkuu, uliopo kati ya maziwa ya Singidani na Kindai, uko takribani kilometa 240 kutoka Dodoma kwa barabara kuu iendayo Nzega na Mwanza, na hapo ndipo inapochepuka barabara ya Babati na Arusha. Umeme nao umefuata mkondo huohuo, kwani njia ya kilovolti 400 itokayo Iringa hadi Shinyanga hupita Singida, ambako pia huanzia njia ya kwenda Namanga inayoiunganisha gridi ya Tanzania na ya Kenya. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, yaani mtandao wa nyaya zinazobeba taarifa kwa mwanga, nao unaufikia mkoa huu.

Lakini kupitiwa si kuhudumiwa. Umeme wa msongo mkubwa humfikia mwananchi kupitia transfoma na nguzo za mtaani, na intaneti ya mkongo humfikia kupitia kipande cha mwisho cha waya hadi mlangoni, hivyo kipande hicho kikiwa dhaifu, mtaalamu hubaki akitegemea bando la simu, ambalo kwa mikutano ya video ya kutwa nzima ni ghali. Mei 2024, hitilafu za nyaya zilizo chini ya Bahari ya Hindi zilipodhoofisha intaneti nchini, ilidhihirika pia kwamba mji ulio mbali na pwani bado hutegemea pwani.

Suala la mapato nalo lahitaji uangalifu. Kodi ya mishahara hukusanywa na Mamlaka ya Mapato Tanzania na kuingia Hazina, wala si katika mfuko wa manispaa, kwa hiyo faida ya kwanza ya mgeni huonekana sokoni, anaponunua kuku wa kienyeji, vitunguu, asali na mafuta ya alizeti, na kwa mwenye nyumba anayempangisha. Hata hivyo, kodi za nyumba zikipanda kwa sababu ya mishahara ya nje, mwalimu na muuguzi ndio watakaoumia.

Kwa sababu hizo, si busara Singida kuanza kwa kumsaka mgeni wa mbali. Walio karibu zaidi ni wazawa waliokwenda Dar es Salaam na Dodoma kutafuta kazi, ambao wana ndugu, viwanja na lugha ya nyumbani, pamoja na wahitimu wa kampasi ya Singida ya Taasisi ya Uhasibu Tanzania, ambao hesabu za kampuni ya mbali wangeweza kuzifanya bila kuhama. Manispaa ikisimamia kipande cha mwisho cha umeme na waya, na ikatenga jengo moja lenye intaneti ya uhakika na jenereta, itakuwa imewajengea watoto wake sababu ya kurudi, na mgeni atakayewafuata atakuta mji unaofanya kazi.