Mama, Mzigo Huu Usiubebe Peke Yako

Mwezi huu tunaugusa mzigo ambao wengi wetu tunaubeba kimya kimya. Ni mzigo wa mume anayerudi usiku akiwa hajitambui kwa gongo, wa kijana aliyeacha shule na sasa anakesha akitafuna mirungi, wa binti aliyeanza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Tukiulizwa habari za nyumbani baada ya ibada, tunajibu kwamba wote ni wazima, tunamshukuru Mungu. Kisha tunarudi nyumbani kulia.

Katika milima ya Upare mzigo huu una uzito wa pekee. Hospitali ya wilaya iko Same mjini, chini tambarare. Mama wa Chome, Vudee au Mbaga hana budi kushuka mlima, na wakati wa mvua barabara hizo si za kutegemea. Tena mgonjwa asiyekubali kwamba anaumwa hapandi gari kwa urahisi. Ndiyo maana wengi hungoja mpaka mambo yaharibike kabisa, na wengine humfungia mgonjwa chumbani.

Tusidanganyane

Pombe si mgeni kwetu. Dengelua ya miwa wazee wetu waliijua. Serikali ilipiga marufuku pombe kali ya viroba tarehe 1 Machi 2017, lakini gongo haikuondoka vijijini.

Mirungi nayo ni jambo gumu zaidi. Sheria ya mwaka 2015 inaihesabu kuwa dawa za kulevya, na mashamba yake yamefyekwa na kuteketezwa katika milima hiyo hiyo ya Same. Ni rahisi kuilaani mirungi tukiwa kanisani. Ni vigumu kumjibu mama ambaye majani hayo ndiyo yaliyomlipia mtoto karo. Kanisa linalokemea bila kumsaidia mama huyo kupata zao jingine limefanya nusu ya kazi.

Pia hofu ya sheria huwafanya watu wafiche ugonjwa. Mirungi huondoa usingizi na hamu ya chakula, na wengine huwatia wasiwasi, kuwashuku watu na hata kusikia sauti. Mganga wa zahanati akiuliza mgonjwa anatumia nini, anauliza ili apate kumtibu. Mwambieni kweli.

Ni ugonjwa, na unatibika

Wako wanaosema ulevi ni tabia mbaya tu, na wazimu ni laana ya ukoo. Waganga wa hospitali wanatufundisha vingine. Mwili uliozoea pombe kwa miaka mingi hubadilika, hata mtu akitaka kuacha hawezi kwa nguvu zake tu.

Hapa kuna hatari ambayo kila mama anapaswa kuijua. Mtu anayekunywa sana kila siku akiachishwa pombe ghafla, anaweza kuanza kutetemeka, kutoka jasho, kuona vitu visivyokuwapo na kupata degedege, mara nyingi katika siku tatu za kwanza. Anaweza kufa. Basi kumfungia mlevi ndani ili "pombe imtoke" si msaada, hata kama nia yetu ni njema na tunamwombea. Apelekwe kituo cha afya au hospitali, aachishwe chini ya uangalizi.

Vivyo hivyo, mgonjwa wa akili aliyeanza dawa asiziache kwa sababu ameombewa na anajisikia vizuri. Maombi na dawa havigombani. Luka, aliyetuandikia Injili, alikuwa tabibu.

Mtu akisema amechoka kuishi, msimcheke wala kumkemea. Muulizeni waziwazi kama anafikiri kujiua. Swali hilo halimpi wazo baya. Humfungulia mlango wa kusema. Ondoeni dawa za kuulia wadudu mahali anapoweza kuzifikia, msimwache peke yake, na mtafute msaada siku hiyo hiyo.

Pa kuanzia

Anza na zahanati iliyo karibu, ukiomba barua ya rufaa inapohitajika. Katika miaka ya 1980 Kilimanjaro na Morogoro ndiyo mikoa iliyochaguliwa kufanyiwa majaribio ya mpango wa taifa wa kuingiza huduma ya akili katika zahanati na vituo vya afya. Kwa hiyo kuuliza habari za akili katika zahanati ya kijiji si kuomba jambo geni.

Upande wa mashariki wa milima iko Hospitali ya Gonja ya KKKT Dayosisi ya Pare. Moshi ziko Mawenzi na KCMC. Pale KCMC wauguzi wamejaribu mafundisho mafupi yaitwayo "Punguza Pombe Kwa Afya Yako", ambayo mgonjwa huongozwa kwa mazungumzo ya upole kufikiri juu ya unywaji wake. Tunajifunza hapo kwamba neno la upole linaweza kufika mahali matusi hayafiki.

Ukishika barabara ya Korogwe, katika milima ya Usambara utaikuta Lutindi, hospitali ya magonjwa ya akili ya KKKT Dayosisi ya Kaskazini Mashariki. Ilianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwaka 1904 ikaanza kupokea wagonjwa wa akili. Huko kazi za mikono na za shamba ni sehemu ya matibabu.

Msaragambo wa mgonjwa

Wazee wa Upare walituachia msaragambo, kazi ya kijiji kizima. Ndiva ya kumwagilia mashamba haikuchimbwa na mtu mmoja. Wala yule mwenye kupooza katika Marko 2 hakufika kwa Yesu kwa miguu yake. Watu wanne walimbeba, wakatoboa dari.

Kikundi cha akina mama kinaweza kugawana kazi hiyo. Mmoja achangishe nauli. Mwingine amsindikize mgonjwa hospitali. Wa tatu abaki na watoto, na wa nne akumbushe siku ya kuchukua dawa. Wote wafunge midomo yao, maana siri ikitoka, mama huyo hatarudi tena. Na mgonjwa akirudia pombe baada ya miezi mitatu, mbebeni tena. Kurudia hutokea mara nyingi katika ugonjwa huu, na hakumaanishi kwamba safari ya kwanza ilikuwa bure.

Ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika mtaa wetu, ni nyumba gani ambayo tumeacha kuitembelea kwa sababu ya ulevi au ugonjwa wa akili?

2. Je, tunajua ni siku gani zahanati yetu hutoa huduma ya akili? Nani atakwenda kuuliza wiki hii?

3. Mama akitaka kuacha kulima mirungi, tutamsaidiaje kwa mbegu, mtaji au soko?