Je, Wajua? Akipenda, Chongo Huita Kengeza

Je, wajua kwamba chama kilichomtaja Edward Lowassa hadharani kuwa fisadi mwaka 2007 ndicho kilichomsimamisha kuwania urais mwaka 2015? Kila Mtanzania aliyefuatilia siasa miaka hiyo anajua. Kinachosahaulika ni mfuatano wa matukio, na ukiupanga tarehe kwa tarehe unaweza kujikuta unacheka peke yako.

Septemba 15, 2007, viwanja vya Mwembeyanga, Temeke. Dk. Willibrod Slaa, katibu mkuu wa CHADEMA, anausomea umati majina 11 ya watu anaowatuhumu kwa ufisadi. Lowassa, aliyekuwa waziri mkuu, yumo, na hata Rais Kikwete yumo. CCM, chama chao tawala, kinasema ni uzushi. Februari 2008 kamati ya Bunge iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe, mbunge wa CCM yenyewe, inawasilisha ripoti inayomgusa Lowassa kuhusu mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond. Februari 7 Lowassa anajiuzulu, akisisitiza kwamba ameonewa. Upinzani unashangilia. Ndani ya CCM wapo wanaosema mwenzao amepata ajali ya kisiasa, basi. Mwaka 2011 chama kinaanzisha kampeni ya kujivua gamba, na kila mtu anajua gamba linalosemwa ni akina nani, lakini Lowassa anabaki na kadi yake na wafuasi wake.

Kisha ikaja Julai 2015. Jina la Lowassa linakatwa Dodoma kwenye orodha ya CCM ya wanaowania urais, wajumbe wa Halmashauri Kuu wanaimba mbele ya mwenyekiti wao kwamba wana imani na Lowassa, na Julai 28 mwenyewe anatangaza Dar es Salaam kuwa amehamia CHADEMA. Hapo ndipo ndimi zilipogeuka. Makada wa CCM walioketi naye kwenye vikao kwa miaka saba tangu Richmond wakapanda majukwaani kulia kuhusu ufisadi wake. Vijana wa CHADEMA waliokariri orodha ya Mwembeyanga kama kibwagizo wakaanza kuuliza: ushahidi uko wapi, mbona hapelekwi mahakamani? Fisadi wa jana akawa kamanda. Dk. Slaa, aliyeisoma orodha, akajitoa kwenye siasa za vyama Septemba 1. Oktoba Lowassa akapata kura 6,072,848, yaani asilimia 39.97, idadi ambayo upinzani haukuwahi kuipata tangu vyama vingi virudi.

Machi 1, 2019 akarudi CCM. Hotuba za CCM kuhusu Richmond zikakauka, na mitaani wale waliokuwa wanadai ushahidi wakaukumbuka ghafla. Alipofariki Februari 10, 2024 alizikwa Monduli kwa heshima za kitaifa. Hakuna mahakama iliyowahi kumtia hatiani. Mimi sina hukumu juu ya Lowassa. Hukumu yangu ni juu yetu tuliomhukumu mara nne kwa faili lilelile: kati ya mwaka 2008 na 2019 hakukuongezwa karatasi hata moja ya maana kwenye faili hilo. Kadi ya mfukoni ndiyo iliyobadilika.

Je, wajua kwamba CCM ilikuwa na kaulimbiu ya kumwepushia mpiga kura kazi ya kumchambua mgombea mmoja mmoja? Mafiga matatu: rais, mbunge na diwani wote wa chama kimoja, maana chungu hakikai juu ya mafiga mawili. Upinzani nao, penye ngome zao, uliomba vivyo hivyo. Kenya, ambako Katiba ya 2010 inampa mpiga kura karatasi sita kwa siku moja, wanasiasa huomba wapewe suti nzima, yaani kura zote sita. Sikatai kwamba rais anahitaji wabunge wa kumsaidia. Lakini diwani anayekula hela ya kisima hupita salama mgongoni mwa mgombea urais.

Je, wajua kwamba utafiti wa mwanzo kabisa unaotajwa katika jambo hili la kuona kwa macho ya kambi haukuhusu siasa? Novemba 23, 1951, vyuo vikuu viwili vya Marekani, Princeton na Dartmouth, vilicheza mpira wao wa kimarekani. Mchezo ulikuwa wa rafu tupu. Nyota wa Princeton, Dick Kazmaier, alivunjika pua, na baadaye mchezaji wa Dartmouth akavunjika mguu. Wanasaikolojia Albert Hastorf na Hadley Cantril waliwaonyesha wanafunzi wa vyuo vyote viwili filamu ya mchezo huo na kuwaomba wahesabu rafu. Wanafunzi wa Princeton waliona rafu za Dartmouth mara mbili ya zile walizoziona wanafunzi wa Dartmouth wenyewe. Filamu ilikuwa ileile, na hakuna aliyekuwa anadanganya. Kila mmoja aliandika alichokiona. Shabiki wa Simba na shabiki wa Yanga hawahitaji profesa wa kuwaeleza hili.

Kutoka uwanjani hadi kwenye sera si mbali. Mwaka 2003 Geoffrey Cohen alichapisha majaribio aliyowafanyia wanafunzi wa chuo kikuu huko Marekani. Aliwapa wasome mpango wa serikali wa kuzisaidia familia maskini. Kuna waliopewa mpango mkarimu, wengine wakapewa mpango wa kubana, na kila karatasi ilieleza chama gani kinauunga mkono. Wahafidhina waliukubali mpango mkarimu walipoambiwa ni wa Republican. Waliberali nao waliukubali mpango wa kubana walipoambiwa ni wa Democrat. Yaliyoandikwa ndani ya mpango yakawa hayana uzito wowote. Kilichonifurahisha zaidi ni majibu yao walipoulizwa kilichowaongoza: walisema wameangalia maelezo ya mpango na falsafa yao ya utawala. Wanaofuata chama ni wengine.

Je, wajua kwamba kusoma sana hakusaidii sana? Hapa wengi wetu hukwama, kwa sababu tumezoea kusema wananchi wakielimishwa watachagua vizuri. Mwaka 2013 Dan Kahan wa Yale na wenzake waliwapa Wamarekani zaidi ya 1,000 jedwali la namba lenye mtego kidogo. Wengine waliambiwa namba hizo zinahusu dawa ya kupaka ya ngozi. Kwa hao, mwenye hesabu nzuri alipata jibu sahihi zaidi, kama ungetarajia. Wengine walipewa namba zilezile wakaambiwa zinahusu sheria ya kudhibiti bunduki, jambo linalowagawa watu kichama. Wajuzi wa hesabu wakagawanyika kuliko wasiojua. Jibu lilipowapendeza walilikubali upesi. Lilipowaudhi ndipo walipotumia hesabu zao zote mpaka wakapata njia ya kutokea. Mwenye elimu ana mawakili wengi zaidi kichwani mwake.

Na Afrika Mashariki? Mtafiti Elizabeth Carlson aliichunguza Uganda, nchi ambayo wengi wangesema watu wake hupiga kura kwa kabila au kwa bahasha, si kwa mapenzi ya chama. Alichokuta ni kwamba wafuasi wa rais walieleza huduma za umma walizopata kuwa bora kuliko zilivyo, na wapinzani wakazieleza kuwa pungufu kuliko zilivyo. Fikiria majirani wawili wanaochota maji kwenye bomba moja, mmoja anasema maji yanatoka, mwenzake anasema tumesahauliwa. Tumezoea kudhani watu huanza kwa kuyapima maisha yao, ndipo wamhukumu kiongozi. Yaonekana mara nyingi mambo huenda kinyumenyume.

Je, wajua jinsi Bob Livingston alivyojiuzulu? Ilikuwa Jumamosi, Desemba 19, 1998, Bunge la Marekani likijadili kumshtaki Rais Bill Clinton kwa uongo uliotokana na uhusiano wake na Monica Lewinsky. Livingston wa Republican, ambaye tayari alikuwa ameteuliwa na chama chake kuwa spika ajaye, alisimama akamtaka Clinton ang'atuke. Upande wa Democrat wakaanza kupiga kelele: wewe ndiwe ujiuzulu! Siku mbili kabla alikuwa amekiri kwamba naye alitoka nje ya ndoa. Livingston akanyamazisha ukumbi kwa kutangaza papo hapo kwamba hatauchukua uspika na ataacha ubunge. Spika aliyemtangulia, Newt Gingrich, alikuja kukiri miaka ya baadaye kwamba wakati huo wa sakata naye alikuwa na mwanamke wa nje. Aliyepewa kiti baada yao, Dennis Hastert, alihukumiwa kifungo mwaka 2016 kwa kosa la kibenki lililotokana na fedha za kuficha unyanyasaji wa kingono aliowafanyia vijana wa kiume zamani akiwa mwalimu wa michezo.

Democrat hawakuwa bora. Chama kilichojisifu kwa kuwatetea wanawake kazini kilimlinda mkubwa aliyefanya mapenzi na mfanyakazi kijana wa ofisini kwake. Baraza la Seneti lilipopiga kura Februari 12, 1999, hakuna seneta hata mmoja wa Democrat aliyesema Clinton ana hatia, ilhali wapo Republican kadhaa waliokataa kumtia hatiani.

Namba zinazosema mengi zaidi zilikuja baadaye. Mwaka 2011 taasisi ya utafiti ya PRRI iliwauliza Wamarekani: je, kiongozi aliyefanya maovu katika maisha yake binafsi anaweza kuwa mwadilifu katika kazi ya umma? Miongoni mwa Waprotestanti weupe wa kiinjili, asilimia 30 walisema anaweza. Mwaka 2016, Donald Trump akiwa mgombea wa chama ambacho wengi wao hukipigia kura, asilimia 72 walisema anaweza. Biblia yao haikuwa imetolewa toleo jipya katika miaka hiyo mitano.

Kenya ilikuwa na kipimo chake. Baada ya machafuko ya uchaguzi wa 2007, mswada wa kuunda mahakama maalumu nchini ulianguka bungeni Februari 2009, na wapo wabunge waliousukuma uanguke wakidai haki itapatikana Hague tu. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC), iliyoko hukohuko Hague, ilipowataja vigogo, na Uhuru Kenyatta na William Ruto wakashinda uchaguzi wa 2013 wakiwa na kesi huko, Bunge likapitisha hoja ya kujitoa, Septemba mwaka huo. Kwa kambi moja ICC ilikuwa imegeuka chombo cha mabeberu. Kwa kambi nyingine ikawa ghafla tegemeo la mwisho la wanyonge. Kesi ya Kenyatta iliondolewa Desemba 2014, ya Ruto ikasitishwa Aprili 2016. Kisha Uhuru akapeana mkono na mpinzani wake Raila Odinga Machi 2018, na wafuasi waliorushiana mawe wakaanza kuwasifu watu waliowalaani. Alhamisi walikuwa maadui, Ijumaa wakaambiwa ni ndugu.

Wapo waliokataa kufuata chama. Februari 5, 2020 Mitt Romney akawa seneta wa kwanza katika historia ya Marekani kupiga kura ya kumtia hatiani rais wa chama chake. Alikuwa peke yake upande wa Republican siku hiyo, na uamuzi huo ulimletea matusi ya miaka. Louisiana, mwaka 1991, walifanya kwa wingi. Uchaguzi wa ugavana uliwakutanisha Edwin Edwards wa Democrat, aliyeandamwa na tuhuma za rushwa miaka mingi, na David Duke, kiongozi wa zamani wa Ku Klux Klan aliyesimama kama Republican. Watu wakabandika kwenye magari yao vibandiko vya kuomba kura kwa mwizi, kwa kuwa ni jambo la muhimu. Rais Bush, wa Republican, naye alimkana Duke. Edwards alishinda kwa asilimia 61, na mwaka 2000 mahakama ikamtia hatiani kwa rushwa kweli. Nawapenda wapiga kura hao kwa jambo moja: hawakumwita mwizi wao mtakatifu.

Turudi Tanzania, maana kwetu kuna sheria inayochangia. Mgombea lazima adhaminiwe na chama, na mbunge akihama chama anapoteza kiti. Ndiyo maana Februari 2018 wananchi wa Kinondoni na Siha waliitwa kwenye uchaguzi mdogo na kukuta mgombea wa CCM ni yuleyule waliyemchagua mwaka 2015 akiwa upinzani. Mmoja alitoka chama cha CUF, mwingine CHADEMA, na wote walisema wanaunga mkono juhudi za Rais John Magufuli. Wapinzani waliyalalamikia matokeo, ila wote wawili walitangazwa washindi. Gharama ya uchaguzi aliilipa mlipa kodi, ili mtu abadili rangi ya shati.

Mchungaji Christopher Mtikila alitaka mlango mwingine. Alidai mahakamani kwa miaka mingi kwamba Mtanzania awe na haki ya kugombea bila chama. Juni 14, 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba Tanzania imekiuka haki hiyo. Mtikila alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 4, 2015, wiki tatu kabla ya Magufuli na Lowassa kupigiwa kura. Hadi uchaguzi mkuu wa Oktoba 2025, mgombea binafsi alikuwa bado haruhusiwi.