Pampu ya Petroli kwa Gari Kuukuu Lenye Injini Mpya

Peugeot 504, iliyoshinda mbio za Safari Rally mwaka 1975 na 1978, mara nyingi ilitoka kiwandani ikiwa na kabureta na pampu inayosukumwa na injini yenyewe. Gari la aina hiyo likitiwa injini ya kisasa, huhitaji pampu ya umeme.

Jambo la kwanza ni presha. Kabureta hutosheka na pauni 3 hadi 5 kwa inchi ya mraba; ikizidi, petroli hufurika. Injini ya injekta kwa kawaida hutaka takriban pauni 43, pamoja na mpira wa kurudisha mafuta kwenye tangi na mipira inayohimili presha hiyo.

Pili ni wingi wa mafuta. Injini ya nguvu-farasi 150 hunywa karibu lita 46 kwa saa ikikanyagwa hadi mwisho, hivyo pampu ya lita 60 kwa saa inafaa. Kipimo hicho kisomwe kwa presha ile ile ya kazi, kwani presha ikipanda, mtiririko hupungua.

Kwenye pwani ya Kenya, kati ya Diani na Msambweni, joto na hewa ya chumvi huongeza masharti. Pampu ya ndani ya tangi hupozwa na petroli yenyewe. Ya nje ifungwe chini karibu na tangi, mbali na ekzosi, ikitanguliwa na chujio. Viungo vya waya vikingwe na kutu. Relei na fyuzi ni lazima, pamoja na swichi ya kuzima pampu injini inapozimika.