Vipande Vinane vya Ardhi ya Katanga

Karatasi nzima ya plaiwudi ina upana wa sentimita 122 na urefu wa sentimita 244. Mafundi wa Likasi huiita tripleksi, na yeyote aliyewahi kuisafirisha kwa pikipiki anajua inavyofanya kazi ya tanga upepo ukivuma. Kutoka Likasi hadi Mulungwishi, kwenye njia ya kuelekea Fungurume na Kolwezi, upepo haukosi. Kwa hiyo uamuzi wa kwanza wa mtu anayetaka kucheza vita vya mezani nyumbani kwake Mulungwishi hufanyika mjini, mbele ya seremala, kabla mzigo haujafungwa kamba: karatasi ibaki nzima, au ikatwe?

Michezo hii huchezwa kwa vijisanamu vya askari, vingi vyake vikiwa na kimo cha milimita 28 tu, vinavyosogezwa kwa kupimwa kwa rula huku dadu zikiamua nani amepigwa na nani amesalimika. Wanaoanza huhangaikia askari: watapatikana wapi, watapakwa rangi gani. Ubao huachwa mwisho, na hapo ndipo mchezo unapoharibika. Askari wawili waliokatwa kwenye karatasi ngumu, wakisimama juu ya ardhi iliyotengenezwa vizuri, wanatoa vita vya kweli. Jeshi zima la kununua likipangwa juu ya meza tupu linabaki pambo, kwa sababu hakuna mto wa kuvuka, hakuna kilima cha kukimbilia, wala sababu ya kwenda kushoto badala ya kulia.

Watu wa eneo hili hawahitaji kufundishwa kwamba ardhi yenyewe ni ubao. Kisolo cha Waluba, ndugu wa bao la Waswahili, huchezwa kwenye mbao zilizochongwa, lakini hata mashimo yaliyochimbwa chini kwa kidole yanatosha. Kwa upande mwingine, ubao ukishachongwa vizuri huweza kupanda hadhi hadi kwa mfalme. Sanamu ya Shyaam aMbul aNgoong, mfalme wa Wakuba wa karne ya 17, inayohifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la British Museum huko London, ina ubao wa mchezo wa aina hiyo mbele ya miguu yake, kama alama ya utawala wake.

Ulaya nako safari ilianzia mchangani. Georg Leopold von Reisswitz wa Prussia alianza na meza ya mchanga mbichi alipobuni mchezo wa kufundishia maofisa. Mwaka 1812 alimpelekea Mfalme Friedrich Wilhelm III meza kubwa yenye droo, na ndani yake vigae vilivyochongwa milima, mito, vijiji na barabara. Vigae hivyo viliweza kupangwa upya kila siku, na nchi ikabadilika. Mwanawe, mwaka 1824, aliviweka kando akatumia ramani ya kipimo cha 1:8,000, na jeshi likaupokea mchezo huo kwa mikono miwili. Mwandishi Mwingereza H. G. Wells, ambaye kitabu chake Little Wars kilitoka mwaka 1913, hakuhitaji meza kabisa. Alilala kifudifudi sakafuni na askari wake wa kuchezea, akajenga nyumba kwa vipande vya mbao na kadibodi, na mizinga yake midogo ya springi ikarusha vipande vidogo vya mbao.

Katika njia hizo, ile ya vigae ndiyo inayoifaa nyumba ya Mulungwishi zaidi, na hesabu ya seremala inaonyesha kwa nini. Karatasi ya 122 kwa 244 inatoa miraba minane ya sentimita 60 kwa 60. Isikatwe 61, ingawa hesabu ya kwenye karatasi inakubali, kwa sababu msumeno hula milimita chache kila unapopita, na mraba mmoja uliopunjwa unavuruga mpangilio wote. Miraba minane ya plaiwudi nyembamba inafungwa nyuma ya baiskeli na kufika salama. Ikifika, sita kati yake ikipangwa mbili kwa tatu inatoa uwanja wa 120 kwa 180, ambao unatosha mapambano mengi makubwa. Warhammer 40,000, mchezo unaojulikana kuliko yote ya aina hii, unaridhika na takribani 112 kwa 152 kwa pambano la kawaida tangu mwaka 2020. Michezo ya vita vya kale kama DBA, kwa askari wa milimita 15, inaingia kwenye mraba mmoja tu.

Upana wa sentimita 120 una sababu nyingine, nayo ni mkono wa binadamu. Mtu mzima aliyesimama upande mmoja wa meza anaweza kunyoosha mkono hadi katikati bila kuangusha kitu kwa kiwiko. Uwanja ukipanuliwa hadi sentimita 150, askari wa katikati wanakuwa wa kuonwa, si wa kuchezwa. Meza ya chakula ya nyumbani mara nyingi ni nyembamba kuliko hapo, lakini hilo halina tabu. Blanketi likitandikwa juu ya meza, miraba inakaa bila kuteleza na pembe zake zinaweza kutokeza kidogo nje, mradi kusiwe na mtoto wa kuegemea.

Kuhusu mikeka ya mpira iliyochapwa picha ya nyasi, inayouzwa na maduka ya ng'ambo, ni mizuri, hukunjwa ikakaa kabatini, na dadu hazipigi kelele juu yake. Lakini nyingi ni za kijani kibichi cha malisho ya Uingereza, na hapo ndipo mchezaji wa Katanga anapopata haki ya kukataa.

Maana vita viwili vikubwa vinavyoweza kuwekwa mezani kutoka eneo hili vilipita katika kiangazi. Vya kwanza ni safari ya mwaka 1915. Reli kutoka Elisabethville, Lubumbashi ya leo, ilikuwa imefika Kambove mwaka 1913 na ilikuwa ikisogea mbele. Mwanzoni mwa Agosti 1915 ilileta Fungurume mashua mbili za kivita za Waingereza, Mimi na Toutou, kila moja ikiwa na urefu wa mita 12 hivi. Zilikuwa zimetoka Uingereza kupitia Cape Town, chini ya Geoffrey Spicer-Simson, na zilikuwa zikienda kupambana na meli za Wajerumani Ziwa Tanganyika. Reli iliishia Fungurume. Mbele yake kulikuwa na milima ya Mitumba na takribani kilomita 235 za pori hadi Sankisia, ambako reli nyingine fupi ilikuwa ikisubiri.

Mashua zilivutwa na mashine za mvuke, zikavutwa na ng'ombe, zikavutwa na watu. Wafanyakazi Waafrika walikata miti, wakapasua njia na kujenga madaraja zaidi ya 100. Mashine zilipokaukiwa maji, wanawake wa vijijini waliyaleta vichwani. Safari hiyo ya nchi kavu ilikwisha mwishoni mwa Septemba, na tarehe 26 Desemba 1915 Mimi na Toutou ziliiteka meli ya Kingani. Mwezi Februari 1916, Hedwig von Wissmann ikazamishwa.

Wachezaji wengi duniani huweka mezani pambano la ziwani, kwa kitambaa cha buluu na meli ndogo. Ni chaguo rahisi, nalo linaacha nje sehemu iliyowatoa watu jasho. Adui mkubwa wa Mimi na Toutou alikuwa ardhi kati ya Fungurume na Sankisia, na ardhi ndiyo kazi ya ubao. Kwa kipimo cha 1:56, kinachoendana na askari wa milimita 28, kila mashua inakuwa na urefu wa karibu sentimita 22, na njia nzima ingehitaji ubao wa kilomita 4 na zaidi. Haiwezekani, bila shaka. Linalowezekana ni kuichukua miraba yote minane na kuipanga mstari mmoja sakafuni, mmoja nyuma ya mwingine, kuanzia sebuleni hadi kwenye korido: mita 4.8, sawa na mita 270 hivi za njia halisi. Mteremko mmoja, kijito kimoja chenye daraja la magogo, kona moja ya hatari. Kila zamu mchezaji anaamua kama maji yaende kwenye boila au kwa watu na wanyama.

Vya pili viko karibu zaidi, kwa mahali na kwa kumbukumbu. Kuanzia tarehe 13 hadi 17 Septemba 1961, Jadotville, yaani Likasi kabla ya kurudishiwa jina lake, wanajeshi 155 hivi wa Ireland waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa walizingirwa na askari wa Katanga, iliyokuwa imejitenga na Kongo chini ya Moïse Tshombe, pamoja na mamluki wa kigeni. Kamanda Pat Quinlan aliwachimbisha mahandaki kandokando ya barabara. Ndege ya kivita ya Katanga iliwashambulia kutoka juu, maji na risasi viliisha, wakajisalimisha bila hata mmoja wao kufa, wakashikiliwa kwa mwezi na zaidi. Vikosi vya kuwaokoa vilikwama kwenye daraja la mto Lufira.

Daraja hilo lipo mbali na uwanja wa mapambano, na ubao mmoja mkubwa haujui la kufanya nalo. Miraba inajua. Sita inapangwa mezani kuwa Jadotville, na miwili inayobaki inawekwa kwenye stuli upande wa pili wa chumba kuwa Lufira. Vita viwili vinachezwa kwa wakati mmoja, na anayezingirwa mezani anasikia tu, kutoka upande wa pili, kama msaada unavuka au umerudishwa.

Lakini kabla ya kuiweka Jadotville mezani katika nyumba za huku, ni adabu kuuliza wazee. Waliokufa upande wa Katanga walikuwa vijana wa familia za hapa, na filamu ya mwaka 2016 iliyovifanya vita hivyo vijulikane duniani iliwapa nafasi ndogo. Babu akisema hapana, miraba haina tatizo, itapangwa kuwa nchi nyingine.

Kwa vita vyote viwili, ubao wa Agosti na Septemba unatakiwa uwe na nyasi za manjano, mabaka meusi ya moto wa pori, miti ya miombo iliyopukutisha majani, na udongo mwekundu kila mahali. Rangi hiyo haiuzwi dukani wala haina haja ya kuuzwa. Udongo unachukuliwa nyuma ya nyumba, unachekechwa kwa chujio la chai hadi ubaki unga na chembe ndogo, kisha unakaangwa kwenye sufuria kavu, kwa moto mdogo, mpaka mvuke uishe na wadudu wafe. Gundi nyeupe ya seremala inachanganywa na maji kidogo na kupakwa kwa brashi pana, udongo unanyunyizwa juu yake kwa vidole, mraba unaachwa siku nzima kivulini. Kesho yake ubao unageuzwa na kugongwa mgongoni. Udongo usioshika unaanguka, na uliobaki unapakwa gundi nyepesi mara ya pili.

Hapa wengi hukosea. Plaiwudi nyembamba ikilowa upande mmoja hukauka ikiwa imepinda kama upinde. Dawa ni kupaka upande wa chini nao gundi ile ile siku hiyo hiyo, au kupigilia vipande viwili vya mbao mgongoni kabla ya kuanza. Kazi hii ifanywe kabla ya Novemba, kwa maana mvua zikianza hakuna kinachokauka sawasawa.

Vilima vinatoka kwenye frigoliti, ile nyeupe inayofungiwa televisheni na friji. Inakatwa kwa kisu kikali chenye makali mapya, inabandikwa kwa gundi nyeupe, inavikwa udongo. Rangi ya mafuta na rangi ya kupuliza zisiiguse, zinaila mpaka inabaki shimo. Kichuguu, ambacho hakuna ubao wa Katanga unaoweza kukosa, ni frigoliti iliyochongwa kama koni butu: kichuguu cha mita 5 kinakuwa na kimo cha sentimita 9, kinatosha kuwaficha askari wanne. Miti inasokotwa kwa vipande vya waya wa shaba vilivyobaki kwa fundi umeme, nyuzi kumi au kumi na tano pamoja, zikaachanishwa juu kuwa matawi na chini kuwa mizizi. Watoto wanaojua kutengeneza magari ya waya huimaliza kazi hii kabla mkubwa hajaielewa.

Kinachobaki ni kuhakikisha miraba inakubaliana. Barabara, mto au reli inapofika ukingoni, ipite katikati kabisa, sentimita 30 kutoka kila pembe, ili mraba wowote uungane na mwingine kwa upande wowote. Alama ya penseli inawekwa kwenye kingo zote nne kabla gundi haijaguswa. Mraba mmoja tu unaruhusiwa kuvunja kanuni: ule wa reli. Reli inaingia upande mmoja kwenye alama yake ya sentimita 30, vijiti vya kiberiti vikiwa mataruma, inafika katikati na kukoma. Mbele yake kuna nyasi zilizoungua, na mahali pa kushushia mashua mbili.